Macho Mengi, Mtaa Mmoja: Mbinu za Matembezi ya Picha Moshi

Mtu anayepiga picha peke yake hujifunza kwa macho yake tu. Atarudia pembe ileile, umbali uleule na saa ileile ya jioni, na kwa kuwa hakuna aliyesimama pembeni yake, hatajua ni nini kilichompita. Ndiyo maana nasema bila kusita: mwenye simu ya kawaida na kundi zuri la kutembea nalo atafika mbali kuliko aliyenunua kamera ya mamilioni akabaki nayo chumbani. Kundi linakupa kampani, na linakulindia vifaa. Lakini faida yake kubwa hujitokeza jioni, pale unapoiona picha ambayo mwenzako aliipata mahali palepale uliposimama wewe.

Mtindo wa kutoka kwa makundi ulipata nguvu tangu 2008, Mmarekani Scott Kelby alipotenga siku moja ya mwaka ambayo wapiga picha wa miji mingi duniani hutoka mitaani kwa pamoja. Sisi wa Moshi hatuna haja ya kuisubiri siku hiyo. Ndani ya saa moja ya daladala unatoka kwenye mji wa joto, ulio kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, unapita mashamba ya mahindi, unaingia kwenye vihamba vya migomba na kahawa, halafu unafika ukingoni mwa msitu. Ni miji michache inayompa mwanafunzi wa picha mianga ya aina nyingi namna hiyo kwa nauli moja.

Anzeni na watu sita hadi kumi. Wakizidi hapo mnageuka maandamano, na watu sokoni wataacha shughuli zao wawatazame ninyi. Jitahidini kundi liwe mchanganyiko: wenye simu, wenye kamera, mwanafunzi wa chuo, na kama mtampata, mzee wa studio aliyeanza kazi enzi za filamu. Mzee huyo alikuwa na fremu 36 tu kwa safari nzima, kwa hiyo alijifunza kusubiri. Tembeeni naye mumwone anavyosimama kwenye kona, kamera ikiwa chini, mpaka mtu aingie kwenye mwanga. Kusubiri kwa namna hiyo hakuna programu ya simu inayokufundisha.

Kila safari ipewe kazi moja, nayo iwe nyembamba: mikono, milango, vivuli, rangi ya bluu, watu wanaobeba mizigo. Mkitoka na agizo la kupiga chochote kizuri, kila mtu atarudi na picha za mlima na za wenzake. Mkikubaliana kwamba leo ni mikono tu, hata kona unayopita kila siku itakupa kitu kipya, kwa sababu fundi cherehani, dereva wa bajaji na muuza dagaa wote wana mikono na kila mmoja anaitumia kivyake. Kwenye simu, acheni kuvuta picha karibu kwa vidole, maana ubora unapungua. Sogeeni kwa miguu.

Sasa mlima, kwa sababu najua mtauhitaji. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko karibu kaskazini moja kwa moja ya mji wa Moshi, na hilo ndilo linaloamua kalenda yenu. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi kama katikati ya Machi, jua hupita upande wa kusini wa anga letu, hivyo uso wa mlima tunaouona kutoka mjini unapata mwanga wa moja kwa moja. Kati ya Aprili na Septemba jua huhamia kaskazini, nyuma ya mlima kwa anayetazama kutoka Moshi, na barafu hupauka. Ongezeni mvua za masika na mawingu ya baridi ya Juni hadi Agosti, mtaelewa kwa nini nawashauri Januari na Februari. Vuli imekwisha, masika hayajaanza, na jua linapochomoza hupiga mlima kutoka kulia kwako, likichora kila bonde na kila ukingo.

Saa nayo ina sababu zake. Ardhi ikipata joto, hewa yenye unyevu hupanda mteremko na kugeuka mawingu, na mara nyingi ikifika saa tatu au saa nne asubuhi Kibo imeshajifunika. Kutaneni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkiwa mmeshachagua mahali pa kusimama tangu jana yake. Mkiwa na usafiri, upande wa Marangu unapendelewa na jua la asubuhi na upande wa Machame na jua la jioni. Na kumbukeni kwamba hapa karibu na ikweta jua huzama kwa haraka. Rangi ya dhahabu ya jioni haikusubiri ubadilishe lenzi.

Kosa linaloonekana zaidi kwenye picha za mtu na mlima ni uso uliokuwa mweusi mpaka macho hayaonekani. Kamera huona anga na theluji vinang'aa, ikapunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi yetu ndiyo inayoumia. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo kisha uongeze mwanga kidogo kwa kidole. Kwenye kamera, pima mwanga usoni, ukubali anga lipauke kidogo. Bora zaidi, mgeuze mtu jua limpige ubavuni. Hapa kundi lina kazi nyingine nzuri: mmoja anashika karatasi nyeupe au kanga ya rangi nyepesi, kurudisha mwanga upande wa kivuli.

Njia ya mjini inaweza kuanzia Mnara wa Saa, ikapita jengo la KNCU, ushirika wa kahawa ulioanzishwa 1933, ikashuka kuelekea stesheni ya reli, na kuishia kwenye masoko ya Mbuyuni na Memorial. Stesheni ina kuta na vivuli vya kuvutia, lakini ombeni ruhusa kwanza kwa msimamizi. Kambi za jeshi na vituo vya polisi msivielekezee kamera kabisa.

Sokoni, gawanyikeni wawili wawili. Kamera nane zikimzunguka mama mmoja mwenye meza ya nyanya, huyo mama amevamiwa, hata kama kila mmoja wenu anatabasamu. Mmoja wa wawili anasalimia na kununua, mwingine anatazama mwanga. Shikamoo itangulie, kisha bei, kisha maongezi, na picha ije mwisho. Akikataa, shukuruni muendelee, na anayebaki nyuma akampiga kwa kujificha aambiwe waziwazi kuwa amekosea. Watoto msiwapige bila mzazi au mlezi kuridhia. Na ukimwahidi mtu picha, ichapishe kwenye studio ya mjini umpelekee safari inayofuata. Nimeona meza ambazo mpiga picha alikuwa hasogei, na baada ya bahasha moja ya picha akawa anaitwa kwa jina.

Kupanda mlimani ni somo tofauti kabisa. Njia ya Materuni, kule Uru, au ya Kinukamori, kule Marangu, inawapitisha vihambani hadi kwenye maporomoko ya maji. Kuna kiingilio kinacholipwa pale kijijini. Lipeni na mchukue risiti. Vaeni viatu vyenye meno, kwa kuwa udongo wetu wa volkano ukilowa unateleza vibaya, na kila kamera iwe na mfuko wa plastiki. Kupita geti la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) ni habari nyingine, yenye ada na taratibu zake, na droni hairuhusiwi humo bila kibali.

Ndani ya kihamba mwanga hufanya mambo mawili ya kukusumbua. Kwanza, unaanguka vipande vipande: bega limeungua kwa jua, shavu limo kivulini. Pili, ukishapenya kwenye jani la mgomba unakuwa wa kijani, na kijani hicho hukaa kwenye ngozi ya mtu, akaonekana kama mgonjwa. Wengi huhangaika kukitoa baadaye kwa kuhariri. Mpeleke mtu wako hatua chache hadi mlangoni mwa nyumba, au kwenye uwazi ambako kahawa huanikwa, uso uelekee anga. Kijani kinatoweka chenyewe. Kwenye maporomoko, shata ya robo sekunde kwenye tripodi inayalainisha maji, na 1/1000 inayasimamisha matone. Jaribuni zote mbili mlinganishe. Kitambaa laini kikavu kiwe mfukoni, maana manyunyu hujaa kwenye lenzi kabla hujatambua.

Mpiga picha mzuri huku mlimani hujua anachokitazama. Ule mmea wa majani marefu unaozunguka mipaka ya kihamba ni masale: ndio unaoweka mpaka, na ndio unaopelekwa kuomba msamaha. Usiuvunje ili kupata nafasi ya kupita, wala usiung'oe kwa sababu unaharibu fremu yako. Katika kihamba hichohicho yamo makaburi ya familia, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukanyaga popote. Mfongo unaopita pale si mtaro tu: ni mfereji wa umwagiliaji uliochimbwa na wazee na kutunzwa kwa zamu. Ukimwomba mwenyeji akueleze maji yanagawanywaje, utajua ni lini mtu atakuja kufungua mlango wa maji, nawe utakuwa umeshakaa mahali pazuri.

Yote hayo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo makundi mengi huiruka, ni kijiwe cha baada ya kutembea. Tafuteni mahali pa kivuli, agizeni mtori au kahawa, na kila mtu achague picha tano tu. Kuchagua kwenyewe kunauma na kunafundisha. Kisha picha moja moja ipite mkononi mwa kila mtu, mwenyewe akiwa kimya. Wengine waseme jicho lao limetua wapi kwanza, limekwama wapi, limetoka wapi. Neno "nzuri" likatazwe pale mezani, maana halimsaidii mtu kupiga picha inayofuata. Mwenyewe aseme mwisho: alisimama wapi, alisubiri nini, alikata nini nje ya fremu.

Nakumbuka kijiwe kimoja ambapo watatu tulikuwa tumepiga meza moja ya ndizi mshare pale Mbuyuni. Yangu ilikuwa ya mama aliyesimama nyuma ya mikungu, imekaa sawa, haina kosa na haina neno. Ya pili ilichukuliwa kutoka chini, karibu na ardhi, kisu kikiwa nusu ya safari kwenye shina la mkungu, utomvu ukining'inia kwenye ncha. Ya tatu haikuwa na ndizi hata moja: ni kiganja cha mama kilichojaa madoa meusi ya utomvu, kimeshika noti iliyokunjwa mara nne. Kila mmoja alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mwenzake. Aliyepiga kiganja alitueleza kwamba aliacha kutazama bidhaa pindi alipomsikia mteja akiulizia chenji. Tangu siku ile nasikiliza soko kabla ya kuinua kamera, na hilo sikujifunza kwenye kitabu.

Mwezi wa Desemba una nafasi yake ya pekee. Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, ukoo mzima unakuwa kihambani kwa siku chache. Kusanya ndugu wenye simu, mtembee na babu au bibi kwenye kihamba chake, yeye akionyesha na kueleza, ninyi mkipiga: mti wa kahawa aliourithi, mwamba wa kunolea, mpaka wa jirani. Rekodini na sauti yake, maana picha ya mti bila maelezo ya mwenye mti haitawasaidia wajukuu.

Na mkishazoea, chagueni sehemu moja ya kurudia kila mwaka. Mwaka 1912 Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walizunguka mlima huu wakipiga picha za kuchorea ramani, na ni kwa kulinganisha na kazi yao ndipo wanasayansi wameweza kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo wakati ule imetoweka. Kundi la watu wanane wenye simu linaweza kufanya kazi ya aina hiyo kwa mlima, kwa mto Rau, kwa mfongo wa kijiji, kwa mtaa unaovunjwa kujengwa maghorofa. Simameni mahali palepale, lenzi ileile, urefu uleule, mwezi uleule, saa ileile. Wekeni alama mtakayoikumbuka, kama kona ya daraja au jiwe kubwa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, mahali na mpiga picha, na nakala zikae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti, moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Msitegemee kundi la WhatsApp kutunza picha hizo, kwa kuwa huzibana zikapoteza ubora, na simu ikipotea zinapotea nayo.