Mwongozo wa Kutunza Matumbawe Hai katika Tangi la Nyumbani

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye dhamana ya tangi la matumbawe: mwenye nyumba anayerudi kazini jioni, au mhudumu aliyeajiriwa kuangalia matangi ya nyumbani na hotelini. Umezingatia zaidi nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto la kaskazi na kukatika kwa umeme ndiyo mitihani mikubwa. Msingi wake ni mmoja: matumbawe huvumilia maji yenye kasoro ndogo, lakini hayavumilii maji yanayobadilikabadilika. Maagizo yote yaliyomo humu yanakusudia kuzuia badiliko la ghafla.

1. Kiumbe kinachotunzwa

Tumbawe ni mnyama. Jiwe tunaloliona ni kiunzi kilichojengwa kwa kalsiamu iliyovutwa majini, na juu yake wamekaa wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja na mdomo na minyiri yake. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa chembe moja. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga, na sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe hutoka humo. Joto likizidi kwa muda, tumbawe huutoa mwani wake na kubaki jeupe. Hali hiyo ndiyo kupauka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na mengi ya Kenya na Tanzania yalikufa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa kujikinga, tangi la lita 200 lina nafasi ndogo zaidi ya kusamehe uzembe.

Tumbawe lililopauka bado li hai, ila lina njaa. Joto likirekebishwa mapema, linaweza kupona.

Kwa matunzo, matumbawe yagawanywe katika makundi matatu. Matumbawe laini, kama Sarcophyton na Sinularia, hayana kiunzi kigumu na ndiyo mastahimilivu zaidi. Yenye polipi kubwa, kama Euphyllia, yanahitaji uangalifu wa kati. Yenye polipi ndogo, kama Acropora, ndiyo magumu kuliko yote. Anayeanza aanze na kundi la kwanza.

2. Maji

Usitumie maji ya bomba wala ya kisima bila kuyasafisha. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini na shaba, na visima vingi vya mijini huingiwa na uchafu wa vyoo. Tumia maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja unaoondoa madini yote, kisha yachanganye na chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Usichote maji ya ufukweni karibu na mji, bandari au mdomo wa mto.

Tia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi. Koroga kwa pampu hadi maji yawe maangavu, kisha pima. Viwango vya kulenga ni hivi:

- Joto: nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi.
- Chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji.
- Alkali (uwezo wa maji kuzuia tindikali, hupimwa kwa dKH): dKH 8 hadi 9.
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita.
- Magnesiamu: miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita.
- Naitreti: miligramu 2 hadi 10 kwa lita.
- Fosfeti: miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.
- Amonia na naitraiti: sifuri.

Naitreti na fosfeti zisifike sifuri, kwa sababu matumbawe yanazihitaji kwa kiasi kidogo.

Tangi jipya lisitiwe matumbawe kabla bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitreti hawajastawi. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Vipimo ndivyo vitakavyoamua, si kalenda.

Maji yanapokauka, chumvi haikauki. Tangi la lita 200 likipungua lita 10, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37. Kwa hiyo yaliyokauka yarudishwe kila siku kwa maji safi yasiyo na chumvi. Mtambo wa kujaza wenyewe ni bora zaidi kwa mtu anayeshinda kazini.

3. Joto na umeme

Miezi ya kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi huko Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hupita nyuzi 30. Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji hupunguza nyuzi 2 au 3, ingawa nguvu yake hupungua siku zenye unyevu mwingi, nayo huongeza ukaukaji. Tangi lenye matumbawe ya polipi ndogo linahitaji mtambo wa kupoza maji, na hewa moto ya mtambo huo itolewe nje ya chumba.

Saa za taa nazo husaidia. Taa zikiwaka kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, hazitaongeza joto wakati wa jua kali, na mwenye tangi atayaona matumbawe yakiwa yamefunguka baada ya kazi.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni upungufu wa oksijeni. Giza la siku moja haliui matumbawe, lakini maji yaliyotulia kwa saa nyingi huua. Weka akiba ya pampu ya hewa inayotumia betri, na ijaribiwe kila mwezi. Katika muda huo usilishe samaki. Kichujio cha kopo lililofungwa kikisimama kwa saa kadhaa, kioshwe kabla ya kuwashwa tena, kwa kuwa maji yaliyofungiwa humo huoza. Joto likipanda, tumbukiza tangini chupa za barafu zilizofungwa vizuri, moja baada ya nyingine, bila kushusha zaidi ya nyuzi 1 kwa saa.

4. Mwanga na mkondo

Mwanga hupimwa kwa PAR, yaani kipimo cha mwanga unaofaa kutengeneza chakula. Matumbawe laini hutosheka na PAR 50 hadi 150, yenye polipi kubwa 75 hadi 150, na yenye polipi ndogo 200 hadi 350. Taa ziwake saa 8 hadi 10 kwa siku. Tumbawe jipya liwekwe chini, kisha lipandishwe kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4. Likipauka upande wa juu, mwanga umezidi. Likigeuka kahawia na kujirefusha, mwanga haujatosha.

Mkondo wa maji uwe wa kubadilika mwelekeo, wala pampu isilenge tumbawe moja kwa moja, maana nyama yake huchubuka. Acha nafasi ya sentimita 15 au zaidi kuzunguka Euphyllia, ambayo usiku hurefusha minyiri na kuchoma majirani.

5. Alkali na kalsiamu

Tumbawe gumu linapojenga kiunzi hutumia alkali na kalsiamu kwa pamoja, lakini akiba ya alkali ni ndogo na huisha mapema. Kalsiamu ikishuka kutoka miligramu 420 hadi 400, alkali hushuka takribani dKH 2.8, yaani kutoka 8 hadi karibu 5. Mtu anayepima kalsiamu peke yake atadhani mambo ni shwari huku matumbawe yake yakidhoofika. Alkali ndiyo ipimwe mara nyingi.

Fidia kwa kalsiamu kloridi na sodiamu baikaboneti, kila moja kwenye chombo chake. Zikikutana kabla ya kuenea tangini, huganda kuwa chokaa. Usipandishe alkali zaidi ya dKH 1 kwa siku. Chokaa ya ujenzi isitumike kabisa.

6. Ratiba ya kazi

Kila siku: soma kipimajoto, angalia kama polipi zimefunguka, hakikisha pampu zote zinazunguka, na urudishe maji yaliyokauka.

Kila wiki: pima chumvi na alkali, futa vioo, mwaga kikombe cha kichujio cha povu, na ubadilishe asilimia 10 ya maji. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangi.

Kila mwezi: pima kalsiamu na magnesiamu, osha pampu kwa siki iliyochanganywa na maji, na usahihishe kipimo cha chumvi kwa maji maalumu ya gramu 35.

Andika kila kipimo katika daftari pamoja na tarehe. Mhudumu anayempokezana mwenzake akabidhi daftari hilo pamoja na funguo.

7. Kupokea tumbawe jipya

Chagua vipande vilivyokuzwa tangini, kwa kuwa vimezoea taa na maji ya tangi na havikung'olewa mwambani. Ogesha kila kipande kwa dawa maalumu ya matumbawe na uchunguze shina lake, ambako hujificha mayai ya konokono uchi na anemone waharibifu wa jamii ya Aiptasia. Ikiwezekana, kitengwe wiki 4.

Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Usinunue tumbawe lililovunjwa mwambani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ile ya Mafia mwaka 1995, kulinda miamba kama hiyo, na mwamba ukivunjwa huchukua miaka mingi kurudi. Vilevile, usimwage baharini maji ya tangi wala kiumbe chake chochote.

8. Usalama wa mtu na wa tangi

Baadhi ya Palythoa na Zoanthus, viumbe wenye polipi wanaoota juu ya mawe ya tangi, wana sumu kali iitwayo palitoksini. Usichemshe mawe ya tangi, usiyamwagie maji moto, wala usiyasugue makavu. Mvuke na vumbi la mawe hayo vimewahi kulaza familia nzima hospitali. Vaa glavu na miwani ya kinga. Mtu akipata homa, kikohozi, kubanwa pumzi au ladha ya chuma mdomoni baada ya kazi hiyo, atolewe nyumbani na apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe kuhusu sumu hii.

Nyaya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili matone yasiingie humo, na tangi liwe na swichi inayokata umeme unapovuja.

Dawa ya kupuliza mbu isitumike katika chumba chenye tangi. Mikono ioshwe na kusuuzwa hadi isibaki sabuni wala mafuta. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie katika tangi la matumbawe kwa hali yoyote.

9. Dalili na hatua

Kupauka: angalia joto, kisha mwanga. Nyama kubanduka kuanzia shinani: pima alkali, kata sehemu yenye afya na uihamishe. Polipi kujifunga siku kadhaa: pima chumvi na utafute wadudu. Mwani wa nyuzinyuzi: punguza chakula na upime fosfeti. Utando mwekundu: ongeza mkondo na uunyonye kwa mpira. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha subiri uone matokeo.

Kwa wenye matangi, ushauri ni huu: nunueni vipimo, akiba ya umeme na njia ya kupoza maji kabla ya kununua tumbawe la kwanza. Asiyeweza kugharamia hayo matatu asianze. Viumbe hawa hawana pa kukimbilia ndani ya vioo vinne.