Shuleni Hakuna Mgeni
Kijitabu kwa wazazi, walimu na viongozi wa vijiji na kata, Wilaya ya Kyela

Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, lakini mto wenyewe hautulii. Mafuriko yakikata kingo, maji hushika njia nyingine, na shamba lililolala upande huu huamkia upande wa pili. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa ng'ambo wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Hata hivyo mtoto wa Kasumulu akiteleza neno moja la Kiswahili darasani, wenzake wanaweza kumbandika jina la "Mmalawi", likamganda mpaka akaona heri abaki nyumbani.

Na si mpakani tu. Wakisi wa Ikombe, tunaowajua kwa vyungu vyao sokoni Matema, wana lugha yao. Wapo watoto wa wavuvi wanaohamahama na familia zao, watoto wa vibarua wa mpunga na kakao, watoto Waislamu kati ya Wamoraviani na Walutheri wengi, wenye ualbino, wasiosikia vizuri. Yupo binti aliyejifungua akarudi darasani, kama Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unavyomruhusu, akapokelewa kwa minong'ono.

Wengi husema huo ni utoto, utapita. Sisi hatukubali. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumbagua mtoto, na kinataja wazi dini, lugha, kabila, ulemavu, hali ya afya, hata ukimbizi. Kifungu cha 94 kinaibebesha serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Aliye katika eneo lake, basi. Mahali alipozaliwa baba yake hapaulizwi.

Halmashauri haitungi mitaala. Inachoshika ni usimamizi wa kila siku: shule za msingi na sekondari za serikali, maafisa elimu kata, maafisa ustawi wa jamii, na bajeti inayopita kwenye Baraza la Madiwani. Humo ndimo heshima inapopata miguu au inapokwama. Njia ya kiti cha magurudumu kuingia darasani ni fedha iliyotengwa au iliyosahauliwa. Kofia na mafuta ya kumkinga mwanafunzi mwenye ualbino na jua la ziwani, vilevile.

Lakini jambo tunalotaka kulikazia ni utoro. Taarifa za shule huhesabu watoro kwa makini, na mara nyingi hatua inayofuata ni kumwita mzazi na kumtisha. Ni nani aliyemuuliza mtoto anakimbia nini? Afisa elimu kata anapokagua mahudhurio, aulize pia ni watoto gani wanaokosekana, wanatoka kitongoji gani, wanaitwaje na wenzao. Hesabu isiyo na maswali hayo inamwadhibu aliyeonewa. Diwani naye ana haki ya kudai majibu hayo katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake.

Mwalimu, usimsimamishe asome kwa sauti mtoto unayejua atachekwa kabla hujalituliza darasa. Mwachie amweleze jirani yake kwa Kinyakyusa au Kikisi pale Kiswahili kinapomkwama, atakipata. Na utani wa makabila, tunaoupenda watu wazima, usiwe fimbo mkononi mwa mtoto mwenye nguvu.

Mzazi, kamati ya shule ni yako. Omba suala hili liingie kwenye ajenda, liandikwe kwenye muhtasari. Ukiona mtoto ananyanyaswa, awe wako au wa jirani, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinakutaka utoe taarifa kwa serikali ya mitaa. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Ukishindwa kufika, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Lililo zito, la kupigwa au kuguswa vibaya, lipeleke dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo, na msilimalize kwa kikao cha ukoo.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika walau kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao simama uulize: watoto walioacha kuja shuleni muhula huu ni akina nani, na nani ameenda nyumbani kwao?