Ule upole haukuzaliwa nao

Wadogo zangu, leo tumwongelee mdada ninayemwona karibu kila ofisi. Kwenye kikao jibu analo, tena kuliko wote waliokaa pale mezani. Ila analiandika kwenye kikaratasi, anamsogezea jirani yake, jirani analisema kwa sauti na sifa anazipata yeye. Ukimuuliza mdada kwa nini, anakwambia, "Dada, mimi nimezaliwa mpole."

Hapo mimi simwamini. Muulize darasa la saba alikuwaje. Mara nyingi utasikia alikuwa kiranja, alimsomea mgeni rasmi risala, na alikuwa akinyoosha kidole mpaka anainuka kwenye dawati. Kisha kikaja kidato cha kwanza. Shule zetu nyingi za serikali Tanzania, tangu enzi za sera ya Elimu ya Kujitegemea, 1967, zinafundisha msingi kwa Kiswahili. Ukivuka kwenda sekondari, baiolojia, jiografia, vyote Kiingereza. Mtoto wa miaka 14 anasimama kujibu, anakosea neno, darasa zima linaangua kicheko. Kuna shule ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako umvishe. Hakuna aliyemwambia binti anyamaze. Aliona tu kwamba aliyekaa kimya hachekwi.

Mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza ya namna hii katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986: shuleni kwao, Kenya ya mkoloni, aliyekutwa akiongea Kikuyu alichapwa, au alivishwa bati lenye maneno ya kumdhalilisha. Alikuwa na miaka 40, na riwaya kadhaa za Kiingereza mkononi, alipoandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, akiwa kizuizini mwaka 1978. Kwa hiyo usiniambie umechelewa, mpenzi.

Kikao kijacho, sema kitu mapema, hata kama ni swali dogo. Ukisubiri mpaka sentensi ikae sawa kichwani, mada itakuwa imeshapita na moyo utakuwa unadunda bure. Kiingereza kikigoma, maliza kwa Kiswahili. Bajeti iliyokosewa imekosewa kwa lugha yoyote. Na kile kikaratasi usikisogeze kwa jirani.

Nyie mnaolea watoto, kimya hiki kinaanzia shuleni, na hilo linanigusa zaidi. Ripoti ikija nyumbani tunakimbilia nafasi: wa ngapi kati ya wangapi? Mtoto aliyekuwa wa 60 kati ya 70 anaijua namba yake kabla yako, imeshasomwa mbele ya wenzake. Muulize kwanza kama wiki hii alijibu swali darasani, na alipokosea nani alicheka, mwalimu akafanyaje. Akikwambia walimcheka, usimjibu "achana nao." Kaa naye, mwache asimulie mpaka amalize, na kama mwalimu naye alicheka, kesho nenda shuleni ukazungumze naye kwa heshima.