SOMO LA LEO: BARIDI MOJA HAIFAI KWA KILA CHAKULA



Wengi wenu mnauza chakula. Wapo wanaonunua samaki diko la Malindi au Mkokotoni, wapo wenye genge, na wapo akina mama wanaouza juisi, maziwa na malai. Mtu akipata faida kidogo, wazo lake la kwanza ni kununua friza. Ni wazo zuri. Lakini kabla ya kutoa fedha, jiulize: nataka baridi ya kiasi gani?

Baridi tatu

Baridi hupimwa kwa digrii. Maji huganda kwenye digrii 0.

1. Maziwa, juisi na chakula kilichopikwa vinataka digrii 1 mpaka 4.
2. Samaki mbichi wa kuuza leo au kesho anataka digrii 0, yaani kufukiwa ndani ya barafu.
3. Samaki au nyama ya kuweka wiki nyingi inataka digrii 18 chini ya sifuri. Huandikwa hivi: –18.

Ukitia maziwa na samaki katika chumba kimoja, kimoja kitaharibika. Ama maziwa yatakuwa jiwe, ama samaki ataoza. Ndiyo maana zipo friza zenye vyumba viwili, kimoja cha kugandisha na kimoja cha kupoza. Zipo pia zenye chumba kimoja na swichi ya kugeuza. Hizi hufanya kazi moja kwa wakati mmoja, si mbili.

Soma kibandiko

Sasa unajua kusoma, basi usikubali maneno matupu ya muuzaji. Tazama mambo haya:

- Nyota. Nyota 1 ni –6, nyota 2 ni –12, nyota 3 ni –18. Nyota 4 pia ni –18, lakini hiyo ina nguvu ya kugandisha chakula kibichi. Mwenye kuuza samaki atafute nyota 4.
- Herufi T. Maana yake friza imetengenezwa kwa nchi za joto, mpaka joto la digrii 43. Friza kuukuu zinazotoka nchi za baridi huenda hazina herufi hii. Zikifika kwetu mashine hufanya kazi bila kupumzika, umeme mwingi huliwa, na mwisho hufa.
- Vyumba viwili. Mwambie muuzaji awashe. Tia kipimajoto kila chumba. Ukiona baridi ni ile ile, hiyo ni friza ya chumba kimoja iliyotiwa ukuta.

Friza haimfufui samaki

Baridi huwalaza vijidudu, haiwaui. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani hufanya sumu iitwayo histamini. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu, kichwa huuma na hutapika. Sumu hii haiondoki kwa kugandisha wala kwa kukaanga. Kwa hiyo samaki atiwe barafu tangu chomboni. Usimtie friza baada ya kushinda juani ukadhani umemwokoa.

Tena usijaze samaki wengi wenye joto kwa mara moja. Wataganda polepole na watawayeyusha waliokwisha kuganda.

Kutunza

- Iache mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja, nayo isipigwe na jua.
- Barafu ya ukutani ikifika unene wa nusu sentimita, zima na uiache iyeyuke. Usikwangue kwa kisu. Ukitoboa bomba la gesi, umekwisha.
- Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kwa urahisi, mpira umechoka. Badilisha.
- Safisha vumbi la mashine kila mwezi. Upepo wetu wa pwani una chumvi, kwa hiyo futa bati pia lisiliwe na kutu.
- Tumia kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka.

Umeme ukikatika

Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ulikatika tena, ukarudi Machi 2010. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mkubwa zaidi, lakini mfanyabiashara mwenye akili hujiandaa.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kiasi cha saa 48. Iliyojaa nusu hushika saa 24. Basi ukiwa na nafasi tupu, jaza chupa za maji yagande.

Fanya na hili: gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu yake, kisha kiache ndani ya friza. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama, jua kwamba umeme ulikatika muda mrefu na mali iliyeyuka. Usiiuze. Hasara ya tenga moja ni nafuu kuliko kumlaza jirani hospitali.

Maswali ya kujipima

1. Biashara yako inataka baridi ipi kati ya zile tatu?
2. Friza yako, au ya jirani, ina nyota ngapi? Ina herufi T?
3. Kwa nini kukaanga hakumponyi samaki aliyeshinda juani?

Jadilianeni katika kikundi chenu cha kisomo.