Tumwulize Mfungwa Neno Gumu

Katika magereza ya Uingereza wamo wanasaikolojia, yaani wataalamu wa mambo ya nafsi. Walio wakubwa huwaongoza wadogo katika kazi hiyo. Nao wanajua ya kuwa siku za kwanza kifungoni zina hatari kubwa ya mtu kujiua. Kwa hiyo humwuliza mfungwa waziwazi: "Je, una wazo la kujiua?" Sisi twaliogopa neno hili, tukidhani litamtia wazo baya. Sivyo, kuulizwa kwa upole humfungulia njia ya kusema. Mwaka 1991, katika gereza la Swansea, chama cha Samaritans kilianza kuwafundisha wafungwa kuwasikiliza wenzao. Basi tumwendeapo mfungwa, tuulize, kisha tunyamaze tusikilize. Akikiri, tusimwache peke yake mpaka askari wa gereza apate habari.