Kamera Chini ya Mlima Meru: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Picha nyingi zinazopigwa Arusha zinamdhulumu aliyepigwa. Uso hausomeki kwa giza, au umepaushwa kiasi kwamba ndugu zake wanauliza huyu ni nani. Jina halipo, ruhusa haikuombwa, nakala haikumfikia. Na aliyepiga ana kamera nzuri, pengine ya mtumba lakini nzima, tena anajua bei ya kila lenzi inayouzwa mjini. Vifaa tunavyo. Tunachokosa ni nidhamu, ndiyo maana maelekezo haya yameandikwa kwa ukali. Yanamhusu anayepiga harusi Njiro, anayebeba lenzi ndefu kwenda Momela, na anayetumia simu tu.

Pima mwanga wa ngozi, usipime wa gauni. Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinatazama shela au uso. Kila kinachokiona hukichukulia kuwa kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na bibi harusi anaingia gizani. Suti nyeusi ikijaza fremu, huongeza mwanga na shela inaungua. Kwa hiyo usiiachie kamera uamuzi. Piga moja ya majaribio, ikuze kwenye skrini, tazama shavu na sehemu iliyo chini ya jicho. Kama umbo la shavu limepotea, ongeza mwanga mpaka lirudi, hata ukuta wa nyuma ukiungua. Piga kwa RAW, maana JPEG ikishatupa undani uliokuwa gizani, hakuna programu itakayourudisha. Ukumbini, mfuate mtu wa taa kabla wageni hawajaingia, mwombe azime zambarau na kijani wakati wa kukata keki na kulishana. Taa ya rangi moja ikishamwagwa usoni, hakuna rangi ya ngozi iliyobaki ya kurekebisha.

Jambo hili lina historia, na kila anayepiga picha za Waafrika anapaswa kuijua. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ikawa kipimo cha kusawazisha rangi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba sehemu ya msukumo wa kuboresha filamu ili ione vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawasawa. Nyuso za watu hazikuwa zimetosha kuwa sababu. Sasa kifaa kimeboreshwa na kimo mikononi mwetu. Mpiga picha wa Arusha anayemtoa mama wa kule Sakina akiwa doa jeusi lenye meno hana wa kumlaumu.

Usipaushe ngozi ya mtu. Programu nyingi za simu hulainisha na kung'arisha uso bila hata kuulizwa. Zima. Ukiombwa na mteja umfanye mweupe, mwonyeshe kwanza picha iliyopimwa vizuri, yenye mng'ao wa ngozi yake mwenyewe. Wengi hawajawahi kujiona hivyo. Kovu la utotoni na ndewe iliyotobolewa viache vilivyo.

Jifunze njia ya jua kabla ya kununua lenzi nyingine. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, na Meru uko kaskazini mwa jiji. Kutokana na hayo mawili, mengi yanajulikana mapema. Kuanzia Novemba hadi Januari jua la mchana hupita upande wa kusini, likaupiga mlima usoni, kwa anayeutazama kutoka mjini. Kuanzia Mei hadi Agosti jua hupita kaskazini, yaani upande wa mgongoni mwa mlima. Mchana mabonde yake yote huonekana ukungu mtupu wa bluu, na katika miezi hiyo ya baridi mara nyingi wingu halibanduki. Basi msimu huo utafute mlima alfajiri au jioni, usije saa sita ukalalamikia kamera.

Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana husimama utosini kabisa. Usimsimamishe mtu uwanjani saa hizo, macho yake yatazama kwenye kivuli cha paji la uso. Mpeleke barazani, chini ya mti, au mlangoni ambako mwanga unaingia kwa ubavu. Na jioni usichelewe: jua likishatua, giza letu huingia upesi, una dakika ishirini na kitu za mwanga laini.

Kasoko ya Meru imebomoka upande wa mashariki. Anayetaka koni ya majivu iliyo ndani yake asimame upande wa Momela asubuhi, mwanga unapoingia kwenye ule uwazi. Alasiri ndani yote ni kivuli.

Omba ruhusa kwa mdomo, kamera ikiwa bado chini. Kumwonyesha mtu lenzi huku unainua nyusi hakuhesabiki. Soko la Kilombero, kwa mama anayepanga ndizi, inatosha kusema: "Shikamoo, yeyo. Naomba nikupige picha hapa na biashara yako." Atakuuliza, "Ya nini?" Hapo ndipo heshima yako inapopimwa. Kama ni ya mashindano, sema mashindano. Kama utaiuza, sema utaiuza na mpatane. Kama ni ya mtandaoni, mwambie itaonwa na watu usiowajua. Akikataa, jibu ni "Asante, yeyo," na kuondoka. Kurudi ng'ambo ya barabara na lenzi ya milimita 300 ukamchukua kwa mbali ni wizi, na soko zima litakuwa limekuona.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Lakini Arusha ilijua thamani ya uso uliofichwa hata kabla ya hapo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa, katika jengo la kituo cha mikutano cha AICC, mpaka ilipofungwa Desemba 31, 2015. Mashahidi wengi walitoa ushahidi nyuma ya pazia, wakitajwa kwa herufi badala ya majina, kwa sababu sura moja ikitoka nje ingeweza kumgharimu mtu maisha. Hujui mwanamke uliyempiga pale stendi anamkimbia nani.

Usimpige mtoto bila mzazi au mlezi kukubali. Pipi si ruhusa.

Usichomoze kamera dirishani mwa gari kwa vijana waliotoka jandoni. Ukienda njia ya Monduli utawaona na nguo zao nyeusi na nyuso zilizochorwa kwa rangi nyeupe. Wamo katikati ya jambo zito la maisha yao. Shuka, salimia, uliza, ukubali jibu.

Usipige maiti wala majeruhi. Pikipiki imeanguka Kijenge, watu wamezunguka, simu ziko juu. Weka yako mfukoni, na kama kuna machela ya kubeba mtu, shika upande mmoja. Jiji lililowaaga wanafunzi 32 wa shule ya Lucky Vincent katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Mei 2017, linajua msiba wa barabarani ni nini. Mzazi asijue kifo cha mwanawe kupitia kundi la WhatsApp.

Andika jina la mtu, na kabila kama mwenyewe alivyolitaja. Hili ndilo linalovunjwa kuliko yote. Yeyote mwenye shuka nyekundu anaandikwa "Mmaasai". Waarusha wanasema Kimaa lakini ni wakulima wa miteremko ya Meru tangu zamani, na wana historia yao. Wameru wa upande wa mashariki wana lugha yao, ya Kibantu. Mpiga picha aliyezaliwa Ngaramtoni au Tengeru akiandika maelezo ya kubahatisha, mgeni atafanyaje?

Picha nyingi za enzi ya Wajerumani, zikiwemo za Walther Dobbertin zinazotunzwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, zinamwonyesha Mwafrika bila jina. Mjukuu wake anaweza kuwa anaishi Sanawari leo, akapita mbele ya picha ya babu yake asijue. Hasara hiyo hairekebishiki. Ukifika Ngarenanyuki, ambako Wameru waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao mwaka 1951, na ambako malalamiko yao yalipelekwa na Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, keti na mzee kwanza. Uliza jina lake, la baba yake, na mahali alipozaliwa. Yaingize kwenye maelezo ya faili siku hiyohiyo.

Fanya vivyo hivyo mlimani. Picha za kileleni, mita 4,566, zimejaa mtandaoni; majina ya wapagazi waliobeba mahema na chakula hayamo.

Usipige kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege, wala askari kazini. Usibishane. Ukiambiwa ufute, futa.

Usirushe droni bila vibali mkononi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kanuni zake na Wizara ya Ulinzi ina idhini yake. Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku mpaka TANAPA ikuruhusu. Kumbuka pia kwamba ndege za abiria za uwanja wa Kisongo hushuka karibu na makazi, na kwamba mlio wa droni juu ya Maziwa ya Momela huwarusha heroe waliokuwa wanakula.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, kaa barabarani na kaa kimya. Dereva ana leseni ya kupoteza. Usimshawishi akanyage majani ili upate twiga kwa karibu. Usipige honi kumgeuza nyati. Flashi izimwe. Kazi ya biashara ina kibali chake na ada yake, usijifanye mtalii.

Mbega mweupe wa msitu wa Ngurdoto ndiye mtihani mkubwa: mwili mweusi, joho jeupe la manyoya, amekaa kwenye kivuli chenye madoa ya jua. Pima mwanga kwa joho, lisiungue. Weusi utauinua baadaye kwenye RAW. Subiri ageuze uso, jicho lipate chembe ya mwanga. Akiruka kabla, umekosa. Usimrushie kitu ili aruke tena. Na usiandike "Hifadhi ya Arusha" chini ya picha ya simba uliyempiga Serengeti.

Betri ya akiba ilale kifuani mwako. Kutoka Kibanda cha Saddle mlimani Meru, mita 3,570, watu huondoka usiku wa manane ili wafike kileleni jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Baridi ile hunyonya nguvu ya betri hata ambayo haijatumika. Iweke mfuko wa ndani, ibadilishe na iliyo kwenye kamera. Ukirudi kibandani usiifungue kamera papo hapo, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, la sivyo mvuke utatanda hadi ndani ya lenzi.

Usibadilishe lenzi kwenye vumbi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni laini kama unga. Simamisha gari, funga vioo, subiri litulie, elekeza mdomo wa kamera chini. Na usitegemee mfuko wa rambo wakati wa mvua. Umepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Nunua kifuniko halisi, na nyumbani weka silika jeli kwenye sanduku la lenzi. Masika ya Arusha huotesha ukungu kwenye kioo, ukishajikita hautoki.

Usiamini kadi ya memori ya bei ya kutupa. Imeandikwa gigabaiti 128, ndani ina nane, na utagundua katikati ya ibada ya ndoa. Ijaribu yote kwa programu kama H2testw kabla ya kazi. Usiku wa harusi usilale kabla ya kunakili mara mbili, diski moja ikae nyumba nyingine. Kadi isifutwe mpaka maharusi wawe na picha zao mkononi.

Usiiombe akili mnemba mlima ambao haukutokea. Maharusi walisimama chini ya wingu. Wingu hilo ndilo la siku yao. Kama wanautaka Meru, rudi nao kesho alfajiri. Kwenye mashindano na kwenye habari, kuongeza hata ndege mmoja angani ni uongo.

Chapisha na upeleke. Faili iliyoko kwenye diski yako haijamfikia mtu. Wengi uliowapiga hawana simu ya kuipokea, au wanayo na haina nafasi. Chapisha kwenye karatasi, andika nyuma jina na tarehe kwa kalamu isiyovuja. Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi: uliyempiga Jumamosi apate picha yake Jumatano, palepale alipokuwa amekaa. Akiwa hayupo, mwulize jirani yake anaishi wapi, uende.