Gari ya koperative ikitetemeka kwenye ralanti: tutafute ugonjwa mbele ya kununua piesi



Wakati wa mavuno, kila siku gari inayolala garaji ni hasara. Mahindi yanabaki depo, wadudu wanayaingia, na mnunuzi aliyetungoja sokoni anakwenda kwa wengine. Koperative zetu nyingi zinabeba mizigo na pikapu ya zamani, na kuna ugonjwa mmoja unaorudia kila mara: motere inawaka vizuri, lakini ukiacha akseleratere inatetemeka, inakohoa, na wakati mwingine inazimika. Shofere anasema: "Njiani iko inakimbia tu, ila ikisimama, iko inataka kuzimika."

Mara nyingi watu wanakimbilia kununua. Wanabadilisha karbirateri, kisha bobini, mpaka sanduku la koperative linakauka na gari bado inatetemeka. Katika somo hili tutaona namna ya kutafuta ugonjwa wenyewe, hatua kwa hatua, na vyombo vichache: ufunguo wa buji, turnevisi, chupa nyeupe inayoonekana ndani, na daftari.

Tunasema hapa juu ya gari za esanse zenye karbirateri na delko, kama vile Toyota Hilux za miaka ya 1980 zenye motere 22R ya silinda nne. Gari za mazutu hazina buji wala delko. Ugonjwa wake unatafutwa kwa njia nyingine.

Kwa nini inatetemeka ikisimama tu?

Ralanti ni mwendo wa motere wakati hakuna mguu kwenye akseleratere. Kwa ile Hilux ni karibu mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Hapo mlango wa hewa ndani ya karbirateri uko karibu kufungwa, na motere inavuta hewa kidogo na esanse kidogo. Kama tiyo moja imepasuka na kuingiza hewa ya wizi, kipimo chote kinaharibika. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, na ile ya wizi inakuwa kama kikombe cha maji ndani ya pipa: haisikiki tena. Ndiyo maana gari inaweza kukimbia vizuri na kuwa mgonjwa.

Kila silinda inaomba vitu vinne: hewa, esanse, cheche ya moto kwa wakati wake, na kompresio, ni kusema valvu na pistoni vifunge vizuri. Kazi yetu ni kujua ni kitu gani kinakosekana, na kama kinakosekana kwa silinda moja ao kwa zote.

Mbele ya kuanza

Gari isimame pahali pa tambarare, freni ya mkono imevutwa, vitesi havijaingizwa, na jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu. Tufanyie kazi inje, hapana ndani ya depo iliyofungwa, juu moshi wa motere unaua bila mtu kujua. Hakuna sigara. Mikono ya shati na kitenge vikae mbali na ventilateri na mikaba.

Hatua ya 1: Tumuulize shofere

Ugonjwa ulianza lini? Baada ya kujaza esanse, baada ya mvua, ao baada ya mtu kufungua motere? Inatetemeka ikiwa baridi tu, ao hata ikisha kupata moto? Mtetemo una mapigo sawasawa ao unabadilika-badilika? Mapigo sawasawa mara nyingi yanaonyesha silinda moja haifanyi kazi. Tuandike majibu katika daftari.

Hatua ya 2: Tuangalie na kusikiliza

Tufungue filtri ya hewa. Ikijaa vumbi, motere inakosa pumzi. Kisha tufuate kila tiyo ya kaushu inayotoka kwenye karbirateri na kwenye bomba za kuingiza hewa. Kaushu ya zamani inakauka na kupasuka, zaidi kwenye ncha. Motere ikiwa inazunguka, tusikilize kama kuna sauti ya "sss".

Tukishuku pahali, tunyunyizie hapo maji kidogo. Kama sauti ya motere inabadilika mara moja, maji yameziba tundu kwa muda, na tundu limejulikana. Tusitumie esanse kwa jaribio hili: moto unaweza kuwaka. Maji nayo yasifike kwenye delko.

Hatua ya 3: Silinda gani inalala?

Tuzime motere. Tutoe waya ya buji moja, na tuingize waya hiyo kwenye buji ya zamani inayogusa chuma cha motere, juu cheche ikikosa njia inaweza kuharibu bobini. Tuwashe na kusikiliza kidogo. Tuzime, turudishe waya, tufanye vile vile kwa zingine.

Kama mtetemo unazidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kama hakuna kinachobadilika, ndiyo hiyo iliyolala.

Hatua ya 4: Tusome buji, kisha tuihamishe

Motere ikipoa, tufungue buji. Rangi yake inasema:
– Kahawia nyepesi ao kijivu: ni nzuri.
– Nyeusi na kavu kama masizi: esanse ni nyingi ao hewa ni kidogo.
– Imelowa esanse: mara nyingi cheche haifiki.
– Imelowa mafuta: mafuta ya motere yanapita ndani ya silinda.
– Nyeupe sana: esanse ni kidogo, ao kuna hewa ya wizi.

Tuchukue mfano: silinda ya 3 imelala. Tubadilishane buji yake na ya silinda ya 2. Kama sasa ya 2 ndiyo inalala, ugonjwa umehama pamoja na buji: tununue buji. Kama ni ya 3 bado, tubadilishe waya yake, na tuangalie kifuniko cha delko kama kimepasuka ao kina unyevu. Kama hata hapo ni ya 3, tumwombe mekanisiye apime kompresio na nafasi ya valvu mbele ya kufungua motere. Karbirateri inalisha silinda zote nne. Kuibadilisha juu ya silinda moja ni kutupa pesa.

Hatua ya 5: Kama zote zinafanya kazi vibaya

Hapo tufikiri esanse. Ile ya chupa tunayonunua kwa Kadhafi pembeni ya njia inaweza kuwa na maji ndani. Tuchote kidogo kutoka chini ya rezervuari, tuweke ndani ya chupa nyeupe, tungoje. Maji ni mazito kuliko esanse: yatashuka chini na mstari utaonekana.

Kama esanse ni safi, na motere inazimika kila ukiacha akseleratere lakini inakimbia ukikanyaga, jikleri ya ralanti inaweza kuwa imeziba. Isafishwe kwa kupulizwa hewa. Hapana kuitoboa na waya ya chuma: tundu likipanuka kidogo tu, kipimo kimekufa.

Tukumbuke pia mwinuko. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, Bukavu karibu mita 1 500. Karbirateri iliyorekebishwa Uvira, ikipanda Bukavu, itakutana na hewa nyepesi; esanse itakuwa nyingi kuliko hewa, na buji zitageuka nyeusi.

Visi ya ralanti ni ya mwisho

Wengi wanaanza na visi: wanapandisha ralanti, mtetemo unapungua, wanafurahi. Lakini ugonjwa umefunikwa tu, na esanse inazidi kuliwa kila safari. Visi iguswe wakati hewa, cheche na esanse vimekwisha kukaguliwa, na motere imepata moto.

Sheria moja inatosha kwa somo lote: tubadilishe kitu kimoja, tujaribu, tuandike, ndipo tuguse kingine. Tukibadilisha vitatu mara moja na gari ikapona, hatutajua ni kipi kilichoiponya, na siku nyingine tutalipa vyote vitatu tena.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nani anatunza daftari ya gari yetu, na mara ya mwisho kuliandika ni lini?
2. Esanse yetu inatoka wapi, na nani anaiangalia mbele ya kuimimina?
3. Mekanisiye akituomba piesi mpya, tumuulize jaribio gani lililomwonyesha ugonjwa?

Kazi njema, na mavuno yafike sokoni.